Mota za boti zisizo na kaboni: fedha za ziada zinarudi kwa nani?

Safu hii imezoea bei za kahawa, pamba na fedha za kigeni. Wiki hii tunaziweka kando kidogo, kwa sababu msomaji wetu mmoja ametuletea swali ambalo linamhusu kila mfanyabiashara anayeagiza mashine kutoka nje.

Msomaji huyo ana boti mbili ndogo za kuwapeleka wageni kuvua katika Ziwa Naivasha, nchini Kenya. Samaki wanaotafutwa na wageni wake ni bass, ambao si wenyeji wa ziwa hilo. Waliletwa kutoka Marekani mwaka 1929, na hadi leo Wamarekani wanaowavua nyumbani kwao hupenda kujaribu bahati yao Naivasha. Kaka yake msomaji huyo anaishi Minnesota, na amejitolea kumnunulia mota ya umeme ya kuvulia. Dukani amekuta aina mbili. Zote zina msukumo unaokaribiana na zote hufungwa mbele ya boti, lakini moja inazidi nyingine kwa karibu dola 1,000. Hiyo ya ghali haina kaboni, na muuzaji amemwambia kwamba ndiyo ya kisasa. Je, ailipie?

Jibu letu ni kwamba wengi wa wanaoinunua mota hiyo hawana haja nayo. Wapo wachache ambao ni halali yao kabisa, lakini si kwa sababu ile inayotangazwa kwenye vipeperushi. Tutaeleza kwa hesabu.

BIDHAA YENYEWE

Kwa wasioijua, mota ya kuvulia si injini ya kusafiria. Mvuvi wa burudani wa Marekani hufika mahali pa samaki kwa injini ya petroli, kisha huizima na kuteremsha majini mota ndogo ya umeme inayotumia betri. Mota hiyo humsogeza polepole bila kelele, humshikilia penye upepo, na humwacha huru kurusha chambo. Kampuni ya Minn Kota, ambayo ni kongwe katika biashara hii, ilianza mwaka 1934 mjini Fargo, North Dakota. Leo iko chini ya Johnson Outdoors ya Racine, Wisconsin.

Mota ya kawaida hufanya kazi kama stata ya gari. Ndani yake mna vipande vya kaboni, ambavyo baadhi ya mafundi huviita brashi, vinavyobanwa na springi juu ya pete ya shaba ili kupeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Vipande hivyo husuguana na shaba, hutoa cheche na vumbi, hupoteza umeme kidogo kwa joto, na mwisho huisha.

Katika mota isiyo na kaboni mambo yamegeuzwa. Sumaku ndizo zinazozunguka, waya wa shaba umetulia pembeni, na kisanduku cha elektroniki ndicho kinachobadili mkondo wa umeme kila wakati ili sumaku zifuate. Hakuna kinachosuguana isipokuwa beringi na sili. Wazo lenyewe si jipya. Wahandisi Wilson na Trickey walilieleza nchini Marekani mwaka 1962. Kilichokuwa kinasubiriwa ni sumaku zenye nguvu za neodimiamu, zilizovumbuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na vifaa vya elektroniki vya bei nafuu.

SOKO LILIVYOPINDULIWA

Kwa miaka mingi soko la Marekani lilikuwa la majina mawili, Minn Kota na MotorGuide, na mota zao zilikuwa za kaboni. Mwaka 2019 wakaingia wageni wawili kwa mpigo. Garmin, inayojulikana zaidi kwa vyombo vya kuonyesha njia kwa setilaiti, ilileta mota ya Force. Lowrance, inayojulikana kwa vyombo vya kutafutia samaki, ilileta Ghost. Zote mbili hazikuwa na kaboni, na zote zilitangazwa kwa bei ya karibu dola 3,000.

Minn Kota haikukaa kimya. Mwaka 2023 ilipeleka madukani aina zake za Quest, nazo bila kaboni. Nayo kampuni ya Brunswick, ambayo ilikuwa na MotorGuide, ilikamilisha mwaka 2021 ununuzi wa Navico, yaani mwenye jina la Lowrance. Kwa hiyo mwenye mali mmoja akawa na mota ya zamani kwenye rafu moja na ya kisasa kwenye rafu nyingine.

Tunaeleza haya kwa sababu mnunuzi anapaswa kujua kwamba haya ni mashindano ya makampuni makubwa, na katika mashindano ya namna hiyo kila upande huhitaji neno la kuuzia. Neno la sasa ni "bila kaboni". Si neno la uongo. Lakini muuzaji hafanyi hesabu kwa niaba ya mnunuzi.

HESABU YA UMEME

Tangazo la kwanza husema kwamba mota isiyo na kaboni hutunza betri. Ni kweli. Lakini hutunza kiasi gani?

Tuchukue mota ya volti 24 inayotumia wastani wa ampea 15 kwa saa nne za kazi. Hiyo ni siku ya kutosha kwa boti ya wageni. Umeme uliotumika ni wati-saa 1,440, yaani chini kidogo ya yuniti moja na nusu. Sasa tuseme mota ya kaboni hugeuza asilimia 70 ya umeme kuwa nguvu, na isiyo na kaboni hugeuza asilimia 85. Tumeipendelea mota ya ghali kwa makusudi, kwani mota nzuri ya kaboni hufika asilimia 75 au 80. Kwa kazi ileile, mota ya ghali itaokoa kama asilimia 18, yaani wati-saa 260 kwa siku.

Wati-saa 260 ni robo ya yuniti na ziada kidogo. Kwa bei ya umeme ya Marekani, tukiiweka senti 17 kwa yuniti, huo ni uokoaji usiofika senti 5 kwa siku. Mwenye kutoka ziwani siku 200 kwa mwaka ataokoa kama dola 9. Ili arudishe dola 1,000 kwa njia ya umeme peke yake, itambidi aishi na mota hiyo zaidi ya miaka 100.

Wapo watakaosema kwamba thamani si bili ya umeme bali ni muda wa kukaa majini kabla betri haijaisha. Hoja hiyo ni ya haki, basi tuipime. Betri moja ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba kama wati-saa 1,280. Wati-saa 260 tulizookoa ni sehemu moja ya tano ya betri hiyo. Katika soko la Marekani betri za namna hiyo, zisizo na jina kubwa, zimefika kuuzwa chini ya dola 400. Kwa hiyo mota ya ghali imemletea mnunuzi akiba ya betri yenye thamani ya kama dola 80. Anayetaka kukaa majini muda mrefu zaidi, na ana nafasi ndani ya boti, anunue betri. Kwa dola 1,000 atapata mbili na chenji.

Tena iko akiba nyingine ambayo haiuzwi dukani. Nguvu inayohitajiwa na propela haipandi sawasawa na mwendo, bali hupanda kwa kasi zaidi, karibu mwendo uzidishwe mara tatu wenyewe kwa wenyewe. Ukipunguza mwendo kwa asilimia 7 tu, unapunguza umeme kwa karibu asilimia 20. Nahodha anayerudisha mkono nyuma kidogo amepata bure kile ambacho muuzaji anamdai dola 1,000.

HATUA KUBWA ILISHAPIGWA ZAMANI

Jambo ambalo vipeperushi havilisemi ni kwamba uokoaji mkubwa wa betri ulipatikana ndani ya mota hizi hizi za kaboni. Mota za bei ya chini kabisa zina mwendo wa vidato vitano, na ili kupunguza mwendo hupitisha umeme kwenye koili inayougeuza kuwa joto. Yaani ukienda polepole, sehemu kubwa ya umeme unaolipia inapasha maji ya ziwa.

Aina iliyofuata, bado ya kaboni, hukata umeme vipande vipande kwa haraka sana badala ya kuuchoma. Minn Kota hudai kwamba njia hiyo huongeza muda wa betri hadi mara tano. Tuseme dai la mtengenezaji lina chumvi, na kwa mwendo kamili halina faida yoyote. Hata hivyo kwa mwendo wa polepole, ambao ndio wa kuvulia, tofauti ni kubwa na inaonekana siku ya kwanza.

Kwa hiyo anayehama kutoka mota ya vidato kwenda mota ya kaboni yenye mwendo wa kukatwa-katwa amepiga hatua kubwa kwa fedha kidogo. Anayehama kutoka hiyo kwenda isiyo na kaboni amepiga hatua ndogo kwa fedha nyingi. Ngazi hizi mbili zisichanganywe.

Vilevile mnunuzi aangalie anacholipia. Mota za ghali huja na nanga ya setilaiti, ambayo huifanya mota ishikilie boti mahali pamoja bila kuteremsha nanga ya chuma. Wengi wanaoisifu mota isiyo na kaboni, ukiwauliza vizuri, wanaisifia nanga hiyo. Lakini nanga ya setilaiti ipo pia kwenye mota nyingi za kaboni.

NI NANI BASI ALIPE?

Tusiwe wepesi wa kudharau. Wapo ambao dola 1,000 ni fedha iliyotumika vizuri.

Wa kwanza ni mwenye boti isiyo na nafasi ya betri ya tatu. Mota ya kaboni ya volti 24, yaani ya betri mbili, kwa kawaida huishia kwenye msukumo wa ratili 80. Ukitaka ratili 112 huna budi kwenda volti 36, yaani betri tatu. Ghost ilitangazwa kuwa inatoa ratili 97 kwa betri mbili, na Quest ratili 90. Kwa boti nzito penye upepo mkali, hizo ratili 10 hadi 17 za ziada ni tofauti kati ya kukaa juu ya samaki na kusukumwa hadi kwenye matete. Betri moja ya asidi ya ukubwa huo ina uzito wa karibu kilo 28, na si kila boti ina pa kuiweka. Ila akumbuke kwamba nguvu hiyo inatoka kwenye betri zilezile, na akiitumia yote zitaisha upesi.

Wa pili ni mwenye saa nyingi. Kaboni za mota hudumu kwa mamia ya saa hadi maelfu machache, kutegemea ubora na mzigo. Mvuvi wa Jumamosi ambaye mota yake huzunguka saa 100 kwa mwaka anaweza kumaliza miaka 10 bila kuzigusa. Lakini mwenye kupeleka wageni siku 200 kwa mwaka, saa nne au sita kila siku, anafikisha saa 1,000 kwa mwaka mmoja. Huyo kaboni zitamwishia, na kwa kawaida huisha siku ambayo wageni wamekwisha lipa.

Wa tatu ni mwenye vyombo vya kisasa vya kutafutia samaki. Tangu Garmin ilipoleta LiveScope mwaka 2018, chombo kinachomwonyesha mvuvi samaki walio mbele yake wakiogelea, wavuvi wengi wa mashindano wamefunga jicho la chombo hicho kwenye mlingoti wa mota yenyewe. Cheche za kaboni huweza kuichafua picha kwa mistari. Mota isiyo na kaboni hupunguza tatizo hilo, ingawa kisanduku chake cha elektroniki nacho hutoa fujo yake kama nyaya hazikupangwa vizuri. Mshindi wa mashindano ya Bassmaster Classic amekuwa akipewa dola 300,000. Kwa anayewania fedha hizo, dola 1,000 si swali.

Na wa nne ni anayeuza ukimya. Mgeni aliyelipa kuona ndege na kuvua kwa utulivu atatambua tofauti, hasa kwa mwendo mkubwa.

FUNDI YUKO WAPI?

Kwa mnunuzi wa huku kwetu kuna suala moja ambalo mnunuzi wa Minnesota halifikirii sana. Mota ya Minn Kota ikiharibika Minnesota, inapelekwa kwa wakala. Kiwanda chenyewe kiko Mankato, katika jimbo hilohilo. Ikiharibika Naivasha au Mwanza, inapelekwa kwa fundi wa kawaida.

Fundi wa stata wa gereji yoyote anajua kaboni ni nini. Ataifungua, ataisafisha pete ya shaba kwa msasa laini, na asipopata kaboni ya namba ile anaweza kuchonga inayokaribiana. Kazi ngumu itakuwa kurudisha sili ili maji yasiingie. Mota isiyo na kaboni haimwombi kazi hiyo. Lakini kisanduku chake kikiungua, kwa betri kufungwa kinyume au kwa maji kupenya, fundi huyo hana la kufanya. Ni kuagiza kipande kizima kutoka ng'ambo, pamoja na usafiri na ushuru.

Ili tusiseme upande mmoja, tukumbushe kwamba mota za kaboni zenye nanga ya setilaiti nazo zina visanduku vya elektroniki, na vikiungua hadithi ni ileile. Mota pekee ambayo fundi wa kijijini anaiweza yote ni ile ya vidato vitano inayoendeshwa kwa mkono. Kila ngazi unayopanda unaongeza raha na unapunguza idadi ya watu wanaoweza kukusaidia.

Wapo wanaoshauri kungoja bei ishuke. Hatuoni sababu ya kungoja kwa matumaini makubwa. Mota nyingi za aina hii hutegemea sumaku za madini adimu, ambazo uzalishaji wake kwa sehemu kubwa uko mikononi mwa China. Mwezi Aprili 2025 nchi hiyo iliweka masharti ya leseni kwa usafirishaji wa madini saba ya namna hiyo pamoja na sumaku zake. Bidhaa yenye mnyororo wa namna hiyo inaweza kushuka bei, na inaweza kupanda vilevile.

USHAURI WETU

Wauzaji hupenda kutukumbusha kwamba rahisi ni ghali. Msemo huo ni wa kweli pale ambapo kitu cha rahisi kinavunjika. Mota nzuri ya kaboni haivunjiki, bali inachakaa taratibu, na kuchakaa kwake kunajulikana bei yake mapema.

Kwa msomaji wetu wa Naivasha tunasema hivi. Kama boti zako zinatoka mwisho wa juma tu, mwambie kaka yako anunue mota ya kaboni ya volti 24 yenye mwendo wa kukatwa-katwa na, ukiweza, nanga ya setilaiti. Ile dola 1,000 iliyobaki iende kwenye betri za lithiamu, chaja inayofanana nazo, na seti mbili za kaboni na sili za akiba zitakazokuja kwenye boksi lilelile. Kama boti zako zinatoka karibu kila siku, funga mota isiyo na kaboni kwenye boti moja, ile inayofanya kazi zaidi, na uiweke ile ya kaboni kwenye ya pili. Baada ya mwaka mmoja daftari lako litakuwa na jibu bora kuliko letu.

Na kabla ya kulipa, kaka yako aulize dukani kwa maandishi kama dhamana inatambuliwa nje ya Marekani. Dhamana isiyovuka bahari usiihesabu katika bei.

Jambo la mwisho si la fedha. Naivasha ina viboko, na hakuna mota ya kuvulia, yenye kaboni au isiyo nayo, itakayoikimbiza boti mbele ya kiboko aliyekasirika. Injini ya petroli ibaki nyuma, iwe na mafuta, na iwake kwa mvuto wa kwanza. Mfanyabiashara atakayeondoa matengenezo ya injini hiyo kwenye bajeti ili apate mota ya kisasa mbele atakuwa amebana matumizi mahali ambapo hapabanwi.